Leseni ya uvuvi ya kimataifa anaiuza nani?

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wavuvi wenzangu wa mkoa wa Tanga, na wakubwa nao wasikie. Tangu kusi lianze, pale sokoni Deep Sea na hata kule Moa wanapita vishoka wanaouza kitu wanachokiita "leseni ya uvuvi ya kimataifa". Ukishalipa, wanakwambia, utavua Vanga, utavua Shimoni huko Kenya, ukipenda uteremke hadi Msumbiji, hakuna wa kukugusa.

Karatasi yenyewe nimeishika mkononi. Imetiwa nailoni, juu ina picha ya meli, chini ina mhuri usiosomeka hata ukiuelekeza juani. Jina la mvuvi lipo. Jina la chombo halipo, namba ya usajili haipo, aina ya nyavu haipo, na eneo la kuvulia limeandikwa "Bahari ya Hindi". Bahari ya Hindi nzima! Leseni ya kweli, iwe ya ngalawa au ya meli ya jodari, hutaja ni chombo gani, cha nani, kinavua kwa zana gani, wapi, na mpaka lini. Isiyotaja hayo ni sawa na kadi ya mchango wa harusi.

Leseni ya namna hiyo haipo, wala hakuna ofisi yoyote duniani inayoitoa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1985, umeigawa bahari kwa maili. Maili 12 za mwanzo ni maji ya nchi, na kutoka hapo hadi maili 200 ni ukanda wa uchumi wa nchi hiyo hiyo. Ndani ya mipaka hiyo leseni hutolewa na mwenye maji, na mgeni hufuata masharti yake: ada, aina ya samaki, msimu, zana, hata bandari ya kushushia mavuno. Zaidi ya maili 200 bahari haina mwenyewe, lakini huko nako huendi hivi hivi. Kibali unakipata kwa nchi ambayo bendera yake inapepea kwenye chombo chako, na nchi hiyo ndiyo itakayoulizwa ukiharibu.

Kwetu mambo yana mkanganyiko wake. Uvuvi si jambo la Muungano. Maji ya Tanga yako chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, maji ya Pemba yana sheria za Zanzibar, kwa hiyo mvuvi wa Sahare akitupa nyavu karibu na Pemba amebadilisha mamlaka bila kutoka nchini mwake. Bahari kuu, yaani kwetu ukanda wa uchumi ulio nje ya maili 12, ndiyo inayosimamiwa kwa pamoja, na Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu yenye makao Fumba, Unguja, kwa sheria ya mwaka 2020. Nasi wa Tanga tuna jambo letu la kijiografia: ukitoka hapa moja kwa moja kuelekea mashariki hukuti bahari kuu, unakuta Pemba. Bahari kuu iko nyuma ya Pemba. Anayekuuzia kibali cha huko huku una dau la tanga moja anakucheka.

Wenye meli kubwa wana masharti yao na sitayamaliza hapa. Tanzania iliingia katika Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi mwaka 2007. Meli ya urefu wa mita 24 au zaidi, au hata chombo kifupi kikivua nje ya ukanda wa nchi yake, lazima kiwe kwenye daftari la Kamisheni la vyombo vilivyoidhinishwa, kiwe na kifaa cha kufuatiliwa kwa satelaiti, na kiandike mavuno yake kwenye kitabu. Wapo wanaonung'unika kwamba masharti ni mengi. Mimi sioni hivyo. Tunaikumbuka meli iliyokamatwa Machi 2009 ikiwa imesheheni jodari wa kwetu bila leseni, samaki wake tukawaita "samaki wa Magufuli", kwa jina la waziri wa uvuvi wa wakati huo. Kama si kubanwa, meli za namna ile zingekuwa zinapishana huko nje na sisi tunahangaikia dagaa.

Shida yangu iko kwa mvuvi mdogo wa Moa na Jasini, karibu na mpaka wa Kenya, kwa sababu huyo anauziwa kitu ambacho kwa sehemu tayari ni haki yake. Tanzania na Kenya zilipokubaliana mpaka wao wa baharini, kwa barua walizoandikiana kati ya 1975 na 1976, hazikuishia kuchora mstari. Zilikubaliana pia kwamba wavuvi wenyeji wa pande zote mbili wanaovua kwa ajili ya kujikimu waruhusiwe kuvua ndani ya maili 12 upande huu na upande ule wa mpaka wa maji ya nchi, kwa kufuata kanuni zilizopo, na kwamba kila nchi itambue leseni za wavuvi hao zilizotolewa na mwenzake. Kwa maneno mengine, mzee wa madema wa Moa aliyelipia leseni yake halali hapa nyumbani ameshakuwa na karatasi aliyoahidiwa. Haina picha ya meli, basi.

Lakini tusilivute kuliko urefu wake. Imesemwa kujikimu. Boti ya faiba yenye mashine mbili, mabaharia wamejaa na nyavu ya ringi, hiyo ni biashara, na ikitaka kuvua Kenya iombe leseni Kenya kwa sheria yao ya mwaka 2016. Juya la kukokota haliruhusiwi hapa kwetu, halitageuka halali kwa kuvuka Ras Jimbo pale mpakani. Na barua zile, kwa ninavyozisoma, zinahusu kuvua. Kupiga dago, yaani kambi ya wavuvi, ufukweni mwa watu ni suala la uhamiaji, na kuuza samaki huko ni suala la forodha. Tena mtu asijidanganye kwamba akikamatwa atatozwa faini tu. Mkataba wa bahari unakataza kumfunga jela mgeni kwa kosa la uvuvi katika ukanda wa uchumi, isipokuwa nchi husika zimekubaliana vinginevyo, ila katazo hilo haligusi maili 12 za mwanzo. Vanga imo humo.

Ninachoomba ni kitu kidogo. Wizara yetu na wenzao wa Kenya waandike kifungu kile cha 1976 kwa Kiswahili cha kawaida, waeleze leo kinatumikaje na askari wa doria wa kila upande anatakiwa kuonyeshwa nini, kisha kibandikwe Moa, Jasini na Vanga, na viongozi wa BMU, vikundi vya wavuvi vya kusimamia uvuvi pwani, wakisome mbele ya watu siku ya mkutano. Mamlaka ya Fumba nayo itume mtu Tanga walau kila mwanzo wa msimu, maana mwenye chombo anayetaka kweli kwenda bahari kuu sasa hivi anaanza kuulizia kwa hao hao vishoka.

Aliyekwisha kulipa asione haya. Aende polisi na karatasi yake, na asikubali kuirudisha kwa aliyemuuzia hata akiahidiwa pesa zake, kwa kuwa huo ndio ushahidi pekee uliopo.

Mwenye chombo,
Sahare, Tanga