Kabla meli haijang'oa nanga

Shoga yangu mpenzi,

Nimeusikiliza ujumbe wako wa sauti mara mbili. Mara ya kwanza sikukutambua kabisa, nilidhani ni mzee fulani kakosea namba. Ndiyo maana nakuandikia badala ya kukupigia: hilo koo lipumzike, na ukiwa unasoma huwezi kunikatiza kwa kukohoa.

Pole sana. Najua umeisubiri safari hii ya meli tangu mwaka jana, na begi ulishalifunga hata kabla tiketi hazijatoka. Halafu zimebaki siku tano, pua inaanza kuchuruzika! Hilo linauma kuliko koo lenyewe.

Unauliza uende au uahirishe. Sikujibu kwanza, kwa sababu katika dakika zote tatu za kulalamika hukuniambia jambo moja: una homa? Nasema homa ya kupima kwa kipimajoto, siyo kujigusa shingoni halafu ukasema "nahisi joto". Mafua ya kawaida kwa watu wazima kama sisi hayaji sana na homa kali. Yanaingia taratibu, leo koo linawasha, kesho chafya, keshokutwa unamaliza pakiti ya tishu. Influenza haina taratibu hizo. Asubuhi uko mzima, jioni umelala, mifupa inauma na joto limepita 38. UVIKO nao siku hizi unajifanya mafua vizuri sana, kwa hiyo jipime leo kwa kile kipimo cha nyumbani, na kikionyesha huna, rudia baada ya saa 48. Ikitokea ni influenza, daktari anaweza kukuandikia dawa ya kuipunguza makali, lakini dawa hiyo inafaa zaidi ikianzwa ndani ya siku mbili za mwanzo. Ukingoja Ijumaa uone itakuwaje, umechelewa.

Sasa tuseme ni mafua tu. Kilele chake ni siku ya pili au ya tatu, na wengi wetu hupona ndani ya siku 7 hadi 10. Wewe leo ni siku ya pili. Siku ya kupanda meli itakuwa ya saba. Mimi kwa hesabu hiyo nisingekufa moyo. Kikohozi ndicho king'ang'anizi, kinaweza kubaki wiki mbili na zaidi wakati mengine yote yameshaondoka. Usikihesabu kama ugonjwa mpya.

Dawa. Nakujua, una vidonge vya antibayotiki vilivyobaki kwenye droo tangu lile jino. Viache humo humo, au bora zaidi virudishe kwa mfamasia avitupe. Mafua yanaletwa na virusi, tena vya aina zaidi ya 200, na antibayotiki haiwezi hata kimoja. Vitamini C nayo ukishaanza kuumwa haina msaada wa maana. Kinachosaidia ni vile vitu ambavyo hupendi kuambiwa: lala, kunywa maji, sukutua kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, lamba asali kikohozi kikizidi usiku. Na kabla hujameza chochote, soma maandishi ya kila boksi. Dawa nyingi za mafua zimeshachanganywa na parasetamoli ndani yake, kisha mtu anaongeza na vidonge vya maumivu ya kichwa juu yake, bila kujua anapita gramu 4 kwa siku. Ini halina utani na hilo. Halafu mwambie mfamasia kwamba una presha, usingoje akuulize, kwa sababu baadhi ya dawa za kuzibua pua huipandisha.

Hapo kwenye kuzibua pua nina kovu. Safari yangu ile ya meli, nilipoondoka na mafua kama wewe, nilinunua dawa ya kupuliza puani. Puliza moja, hewa inaingia kama dirisha limefunguliwa! Nikaipenda. Nikaitumia siku sita. Kumbe mwisho wake ni siku tatu, ukizidisha pua inajifunza kuitegemea, na kila dawa inapoisha nguvu, pua inaziba kuliko mwanzo. Basi mafua yaliniacha lakini pua haikufunguka, nikapanda meli napumua kwa mdomo kama samaki. Kwa hiyo ikiwa mfamasia ataikubali na presha yako nawe ukainunua, usiianze leo. Itunze kwa ajili ya ile ndege ya kukupeleka bandarini.

Maana ndege ndiyo ninayoihofia kuliko meli. Wakati wa kuruka sikuona tatizo. Tulipoanza kushuka, nilihisi kama mtu ananisukumia msumari sikioni la kushoto, pole pole, kwa nusu saa nzima. Kile kijia chembamba kinachounganisha pua na sikio kilikuwa kimevimba, hewa haikuwa na pa kupita. Siku mbili za kwanza melini sikusikia upande huo. Mume wangu alikuwa akinong'ona maneno matamu kwenye sikio bovu, namjibu "bado sijaoga". Wewe puliza nusu saa hivi kabla ndege haijaanza kushuka, usilale wakati inashuka, na tafuna au meza mate muda wote.

Tuje kwenye ile fomu ya afya. Utajazishwa kabla ya kupanda: umetapika, umeharisha, una homa, unakohoa, siku hizi chache zilizopita? Nilisimama kwenye foleni na kalamu mkononi, kila mtu mbele yangu anaweka alama kwenye "hapana" bila hata kusoma, na shetani wangu akaniambia fuata wenzako. Lakini kikohozi hakina siri. Nani angeniamini na mabega yananitikisika? Nikaweka "ndiyo". Nikaitwa pembeni, muuguzi akanipima joto, akaniuliza yameanza lini na kama nina shida ya kupumua, akanipa barakoa, akaniruhusu. Kama dakika kumi hivi. Siahidi kwamba nawe itakuwa hivyo, wana haki ya kumzuia mtu. Ila mficha maradhi kilio humfichua, na humo ndani mnakula pamoja, mnapanda lifti pamoja, mnashika vyuma vilevile vya ngazi. Unaikumbuka ile meli ya Diamond Princess, Februari 2020 kule Yokohama, Japani? Watu zaidi ya 3,700 wakafungiwa melini, na zaidi ya 700 wakaambukizwa UVIKO. Tangu hapo sioni tena fomu ile kuwa usumbufu. Ukiwa na homa siku hiyo, shoga, usipande. Hilo sitakubembeleza.

Ndiyo maana nakuomba uwapigie watu wa bima leo, siyo asubuhi ya safari. Waulize wanataka nini ili walipe ukiahirisha kwa ugonjwa. Kwa kawaida wanataka barua ya daktari aliyekuona na kusema hufai kusafiri, na wanataka iwe imeandikwa kabla hujafuta safari. Ukifuta kwanza ndipo utafute daktari, umewapa sababu ya kukunyima. Waulize pia kama wanalipia matibabu baharini. Meli ina daktari na zahanati yake, lakini si bure, gharama inaingia kwenye hesabu ya chumba chako, na utaiona siku ya mwisho ukiwa na huzuni tayari.

Dawa zako zote ziweke kwenye mkoba wa mkononi. Begi kubwa linachukuliwa pale bandarini na linaweza kufika mlangoni kwako jioni. Langu lilifika baada ya chakula cha usiku, na tishu zangu zote zilikuwa humo. Na vile vidonge vya kuzuia kichefuchefu cha mawimbi, vingi ni jamii moja na dawa za aleji zinazotiwa kwenye vidonge vya mafua. Ukivichanganya usingizi utakubeba, utaiona bahari ukiwa umefumba macho.

Ah, na ile jeli ya mikono mlangoni pa ukumbi wa chakula, paka, lakini usiitegemee. Kirusi cha kuharisha kinachosumbua melini, norovirus, hakiijali sana. Sabuni na maji ndivyo vinavyokitoa.

Haya, nenda ukajipime joto sasa hivi, kabla hujanywa chai, maana kitu cha moto mdomoni kitakudanganya. Kisha nitumie namba uliyoiona. Iandike tu, usinitumie sauti.

Ni mimi shoga yako,
mwenye sikio bovu la kushoto