Udongo ni wa bure, kazi si ya bure

Wiki iliyopita mama mmoja wa hapa Tabora mjini alitupigia simu sisi mafundi wa kukarabati nyumba za zamani za udongo, amekasirika kweli. "Mmenitajia bei mara mbili ya fundi wa mtaani, na mnatumia udongo!" Mama yangu, udongo ni wa bure. Anayelipwa ni yule anayeukanyaga siku tatu.

Nyumba yake ni ya mtindo ulioletwa na wafanyabiashara wa misafara karne ya 19, Waarabu wa Omani na Waswahili. Kwao pwani walizoea mawe ya matumbawe. Huku matumbawe hakuna, wakajenga kwa udongo wa Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora. Nenda kaione tembe, nyumba ya udongo, ya Kwihara walikokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872, sasa imejengwa upya na ni makumbusho. Kuta nene zinakata joto la Oktoba. Barazani mgeni anapokelewa na bei inapatanwa bila mtu kuingia ndani kwa watu. Mizigo na familia vilikaa uani. Halafu anakuja mteja anataka tuzibe baraza, aweke fremu ya duka!

Tabu kubwa ni lipu ya saruji. Ukuta wa udongo hunywa maji na kuyatoa. Ukiuvika saruji, maji yanapanda kutoka chini na kuingia kwenye nyufa, kisha hayana pa kutokea. Ujiji tuliitwa kwa mzee mmoja aliyekwepa bei yetu. Ukuta wake kwa nje ulikuwa unang'aa. Nikaugonga kwa kidole, ukalia kama debe tupu. Tulipokwangua, lipu ilianguka kipande kizima kama mlango, nyuma udongo umekuwa uji, na mchwa wameshafika kwenye kizingiti cha mninga. Akalipa kuvunja, akalipa kujenga upya nusu ukuta, akalipa lipu ya pili. Saruji ya kwanza sikuihesabu.

Sisi tunachanganya udongo wa kichuguu na nyasi zilizokatwakatwa, tunaufunika na kuuacha. Chokaa nayo huloweshwa mapema, na lipu hupigwa nyembamba, tabaka juu ya tabaka, kila moja ikauke. Siku hizo za kusubiri ndizo mnazoziona kwenye bei, na hizo hatupunguzi.

Mama wa simu amekubali tuanze na ukuta wa baraza tu. Jumatatu tunakanyaga udongo.