Mafunzo ya mtandaoni yafuate kalenda ya kazi zetu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo linalotugusa sisi wenye biashara ndogo huku ziwani. Siku hizi kila semina tunayoitwa tunahimizwa kuwafundisha wafanyakazi wetu kwa njia ya mtandao. Nakubaliana na ushauri huo, na ninaufuata. Ila mafunzo mengi tunayouziwa yamepangwa na watu ambao hawajawahi kuuliza wafanyakazi wetu wanaamka saa ngapi.

Ninachakata dagaa Igombe, Ilemela, mkoani Mwanza kando ya Ziwa Victoria, pamoja na akina mama saba. Tunapokea dagaa mwaloni, pale mitumbwi inapofikia, tunaanika juu ya vichanja, tunachambua na kufungasha. Mzigo wetu mwingi unauzwa katika soko la samaki la Mwaloni Kirumba, ambako wapo wanunuzi wanaousafirisha hadi Kongo, Rwanda na Burundi. Kwa Sera ya Maendeleo ya Viwanda Vidogo na Biashara Ndogo ya mwaka 2003, mwenye wafanyakazi kuanzia 5 hadi 49 anahesabiwa kuwa na biashara ndogo. Basi mimi nimo humo, karibu kabisa na mlango.

Msomaji asiyeijua kazi hii naomba anivumilie kidogo. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, sasa wengi wanatumia taa za betri na sola. Taa hiyo huwavuta dagaa kukiwa na giza tu. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga unatanda juu ya maji yote, dagaa hawakusanyiki, na mitumbwi mingi hubaki imevutwa nchi kavu. Kwa hiyo maisha yetu hayaendi kwa Jumatatu na Ijumaa. Yanakwenda kwa giza na mbalamwezi. Wakati wa giza, wenzangu wanakuwa mwaloni kabla jua halijachomoza, kwa sababu mitumbwi ikifika na jua likatoka kabla dagaa hawajaoshwa na kutandazwa, thamani inaanza kushuka hapo hapo. Wakati wa mbalamwezi kazi inapungua, na pesa inapungua.

Mwaka jana nililipia mafunzo ya mtandaoni ya usalama wa chakula na utunzaji wa hesabu kwa wafanyakazi sita. Wakufunzi walikuwa Dar es Salaam. Vipindi vilikuwa vya moja kwa moja, kila Alhamisi saa 2 usiku, kwa wiki tatu, na karibu zote ziliangukia giza. Mama aliyeamka saa 10 alfajiri, akainama juu ya vichanja mchana kutwa, akapika na kulaza watoto, anaambiwa ashike simu asikilize maelezo ambayo nusu yake ni Kiingereza. Mmoja alisinzia simu ikiwa kifuani, bando likaisha lote. Wawili hawana simu janja, wana vitochi, wakawa wanakwenda kwa jirani. Anayekosa vipindi viwili hapati cheti. Mwishoni tulipata vyeti viwili, na waliovipata waliniambia wazi kwamba walikuwa wanabonyeza tu majibu mpaka yakubali. Kule kwenye vichanja hakikubadilika kitu hata kimoja.

Iliniuma sana, na sehemu ya kosa ni yangu. Niliwaambia wajifunze nyumbani, kwa bando lao, baada ya kazi. Kwa maneno mengine niliwaongezea zamu ya usiku isiyolipwa, nikaiita mafunzo.

Sasa tunafanya hivi. Tunasubiri mbalamwezi. Siku tatu au nne katika kila mwezi tunakutana bandani saa 3 asubuhi, kwa muda wa saa mbili tu, na kila mmoja ninamlipa nusu ya posho ya siku. Video nakuwa nimeshazipakua mjini kwenye mtandao mzuri, nazigawa kwa memori kadi au kwa Bluetooth, bila bando la mtu. Tunaangalia dakika tano, tunasimamisha, tunabishana, halafu tunatoka nje kujaribu.

Hapo kwenye kubishana ndipo elimu yenyewe ilipo. Somo moja lilisema dagaa wapimwe unyevu kwa mashine kabla ya kufungashwa. Mashine hatuna. Mkubwa wetu, mama wa kutoka Ukerewe ambaye sote tunamwita Bibi, akachukua dagaa mmoja akamkunja kwa vidole: akipinda bado ana maji, akivunjika amekauka. Wale wasichana wawili wageni, ambao walikuwa wakifunga magunia kwa kukadiria kwa macho, hawakuwa wamewahi kuelezwa hivyo. Bibi naye hakujua kwa nini gunia lililofungwa mapema linaota ukungu katikati wakati juu linaonekana safi. Video ilimweleza. Kila upande ulikuwa na nusu ya somo.

Tulijifunza pia kuandika ndoo za dagaa wabichi zinazoingia na kilo za dagaa wakavu wanaotoka. Mbalamwezi ya pili daftari likatuonyesha kwamba mzigo unapotea zaidi siku za mawingu, kwa sababu tulikuwa tunaanika wengi mno juu ya kichanja kimoja na wa chini wanaoza. Tangu hapo, kukiwa na mawingu tunapokea ndoo chache. Na mchanga, ambao ndio hushusha dagaa kutoka chakula cha watu hadi chakula cha kuku, umeisha tangu tulipoacha kabisa kuanika chini hata siku za mzigo mwingi. Mnunuzi wangu mmoja pale Mwaloni alikuwa haachi kuzamisha mkono hadi chini ya gunia. Siku hizi anapima na kulipa.

Wenzangu wenye biashara husema: ukimfundisha, ataondoka. Ni kweli, mmoja wangu ameondoka. Ana vichanja vyake sasa, na wakati wa mzigo mwingi tunaazimiana turubai. Aliyebaki bila kujua kitu angenigharimu zaidi ya huyo aliyeondoka.

Naomba wahusika wanisikie. Tangu mwaka 2021, tozo ya kuendeleza ufundi stadi inalipwa na waajiri wenye wafanyakazi 10 au zaidi. Sisi wa saba na wa watano tumepumzishwa mzigo huo, na nashukuru kwa dhati. Lakini kutolipa kusitufanye tusihesabiwe mafunzo yanapopangwa. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, walionyesha njia mwaka 2016 walipoanzisha mpango wa VSOMO pamoja na kampuni ya simu ya Airtel: nadharia mtu anaisoma kwenye simu, vitendo anavifanya katika karakana ya VETA. Mpango huo ulielewa kwamba simu peke yake haimfundishi mtu kushika kifaa. Tunahitaji wa namna hiyo kwa wachakataji wa dagaa, na kwa mama lishe na wauza duka pia. Uwe wa Kiswahili, wa vipande vifupi vinavyoweza kupakuliwa mara moja na kugawanwa bure, bila kipindi kinachofutika baada ya siku chache. Badala ya kuhesabu nani alikuwa hewani saa 2 usiku, mkufunzi wa VETA, wa SIDO (shirika la viwanda vidogo) au wa chuo cha uvuvi cha Nyegezi aje mara moja kwa msimu aone kazi ya mikono, kisha ndipo atoe cheti.

Na anayetuuzia mafunzo, kabla ya kupanga ratiba, aulize. Muuza mitumba ana siku zake za mnada. Mama lishe hawezi kukaa darasani saa 6 mchana. Sisi tuna mwezi, na mwezi unajulikana tarehe zake mwaka mzima.

Wiki hii ni giza, mitumbwi inaingia kila alfajiri. Mbalamwezi ijayo tunaanza somo la vifungashio, maana tunataka kupitia SIDO twende TBS, shirika la viwango, kuomba alama ya ubora. Mkufunzi yeyote atakayeweza kufika asubuhi moja, saa 3, banda letu liko juu kidogo ya mwalo, na kiti chake kipo.

Mchakataji wa dagaa,
Igombe, Mwanza