Siku ya Bei Nafuu Isipigwe Wino Mwekundu

Mhariri,

Mwishoni mwa mwaka uliopita duka moja la hapa Lamu liligawa kalenda za ukutani, nami yangu nikaitundika sebuleni bila ya kuikagua. Aliyeikagua ni mjukuu wangu wa darasa la tano, ambaye alikuja kuniuliza kwa nini Ijumaa moja ya mwezi wa Novemba imeandikwa kwa wino mwekundu, na kama siku hiyo shule itafungwa. Nilipovaa miwani nikaona kuwa ni kweli: siku ya kuuza kwa bei nafuu ambayo wafanyabiashara huiita Black Friday ilikuwa imepangwa safu moja na Madaraka, Mashujaa, Jamhuri na Idi, ilhali Maulidi, yanayoujaza mji huu wageni hata nyumba zikakosa vitanda, hayakutajwa popote.

Kisheria hapana mjadala. Kifungu cha 9 cha Katiba yetu ya mwaka 2010 kinazitaja siku tatu za kitaifa, na Sheria ya Sikukuu za Umma, Sura ya 110, inaeleza zilizobaki na kumpa Waziri uwezo wa kutangaza nyingine katika Gazeti Rasmi la Serikali. Siku ya kuuza runinga kwa bei ya chini haimo. Hata hivyo nakiri kwamba sheria peke yake haitoshi kuamua jambo hili, kwa sababu Maulidi nayo hayamo katika orodha hiyo, na hakuna Mwamu, yaani mtu wa Lamu, atakayekubali kuambiwa kwamba Maulidi si sikukuu.

Wapo wanaosema kwamba kosa la siku hizi ni biashara yenyewe. Sikubaliani nao. Anayedhani Idi haina biashara hajapita Njia Kuu usiku wa kumi la mwisho la Ramadhani, baada ya tarawehe, wakati akina mama wanaposhindana bei za vitambaa na watoto wanapojaribishwa viatu huku wakisinzia. Tofauti ni kwamba manunuzi hayo huifuata siku ambayo ingekuja hata kama maduka yote yangefungwa. Kabla ya sala ya Idi kila mwenye uwezo hutoa zaka ya fitri, ili asiyekuwa na kitu naye aamke siku hiyo akiwa na chakula. Watoto huzunguka nyumba hadi nyumba wakipewa mkono wa Idi, na hawaulizwi baba zao ni nani. Maskini asiyenunua hata leso ana Idi yake kamili. Katika siku ya bei nafuu, asiye na pesa ana nini? Hana hata wa kumwamkia.

Tukienda huko ilikotoka, tutaona kwamba wenyewe hawaichanganyi kama tunavyoichanganya sisi. Sikukuu ya Wamarekani ni ile Alhamisi ya nne ya Novemba, siku yao ya kutoa shukrani, ambapo watu husafiri kwenda kula pamoja na jamaa zao. Ijumaa ni kesho yake tu. Ni kweli kwamba katika majimbo kama California watumishi wa serikali hupumzika Ijumaa hiyo, na Nevada huiita Siku ya Familia, lakini mapumziko hayo ni mkia wa Alhamisi. Jambo linalonishangaza zaidi ni lile la mwaka 1939. Alhamisi ya mwisho ya mwezi, ambayo ndiyo iliyokuwa sikukuu wakati huo, iliangukia tarehe 30, wenye maduka wakalalamika kwamba muda wa kuuza kabla ya Krismasi utakuwa mfupi, na Rais Franklin Roosevelt akaisogeza sikukuu nyuma kwa wiki moja. Majimbo yakagawanyika karibu nusu kwa nusu, wengine wakala tarehe 23 na wengine tarehe 30, mpaka mwaka 1941 Bunge lao lilipoiweka kwa sheria Alhamisi ya nne. Sisi nasi hugombana siku ya Idi, na pengine nyumba mbili za mtaa mmoja zikafungua siku mbali mbali, lakini tunagombania mwezi umeandama au haujaandama. Sijasikia mtu akiomba mwezi uandame mapema kwa sababu ana mzigo ghalani.

Kwa Wachina hali ni nyingine. Tarehe 11 Novemba ilikuwa siku ya makapera, mchezo wa wanafunzi wa chuo kikuu, kabla ya kampuni ya Alibaba kuigeuza kuwa siku ya mauzo mwaka 2009. Nasikitika kwa niaba ya makapera.

Na kwa nini Ijumaa? Kwetu siku hii ina amri yake, nayo imo katika sura inayobeba jina lake: ikinadiwa sala, acheni biashara, ikimalizika, tawanyikeni mtafute riziki. Novemba iliyopita, siku hiyo ya mauzo, nilimwona mchukuzi mmoja karibu na Mkunguni akiwa na punda aliyebebeshwa maboksi matatu yaliyovushwa asubuhi hiyo kutoka Mokowe, ng'ambo ya bara. Adhana ilikuwa imekwisha. Alimfunga punda, akamwachia maboksi mzee mmoja asiyejiweza aliyekaa barazani, akaingia msikitini na miguu yenye matope. Simu yake aliyoiacha juu ya boksi iliita mara tano, wenye mali wakitaka mali yao. Siku ambayo vibarua hutokwa na jasho kuliko siku nyingine yoyote, nani hasa anayeisherehekea?

Kuhusu hizo bei zenyewe sitasema mengi. Binti yangu aliipigia hesabu cherehani moja tangu Septemba, ikiuzwa shilingi 18,500. Ilipofika siku yenyewe ikaandikwa kwamba ilikuwa 24,000 na sasa ni 18,000. Akainunua, akalipa na nauli ya mashua, na cherehani inashona vizuri.

Ombi langu kwa wachapishaji wa kalenda, na kwa gazeti lako pia linapotoa kalenda ya mwaka mpya, ni dogo. Kama siku za mauzo ni lazima zionekane, ziwekwe pambizoni pamoja na matangazo na nambari za simu za maduka, kwa rangi ya kijani au samawati, na ule wekundu ubakie kwa siku ambazo mtoto akiuliza kama shule imefungwa tutamjibu ndiyo. Na mkiweza kupata nafasi, andikeni Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi. Kwenye kalenda yangu nimeuandika mwenyewe kwa kalamu ya mjukuu, lakini mkono wangu siku hizi unatetemeka na mstari umepinda.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Langoni, Lamu