Mipangilio ya kutoa picha iamuliwe na ofisi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie hatua ya mwisho ya kurekebisha picha, yaani pale mtu anapoitoa kwenye programu ili itumwe, ichapwe au iwekwe mtandaoni. Hapo hufunguka kijidirisha kinachouliza ubora wa picha na taarifa zitakazoambatana nayo, na watu wengi hukibonyeza bila kukisoma kwa sababu kazi inasubiriwa. Majibu yaliyomo huwa yamekwisha kuchaguliwa na waliotengeneza programu, au na mtu yeyote aliyewahi kuketi kwenye kompyuta hiyo akahifadhi mipangilio yake, na tangu siku hiyo uamuzi wake hutumika kwa kila picha inayopita, iwe ya harusi, ya pasipoti au ya shahidi wa tukio. Naamini uamuzi wenye uzito huo unapaswa kufanywa na ofisi kwa makusudi, uandikwe, kisha uhifadhiwe katika kila kompyuta inayotoa picha.

Nichukue mfano wa GIMP, programu ya kurekebisha picha, kwa kuwa haina malipo na msomaji anaweza kuipakua akahakiki ninayoyasema. Tangu toleo la 2.8 lililotoka mwaka 2012, programu hiyo imetenganisha kuhifadhi na kutoa: kuhifadhi hubakiza faili la kazi la XCF pamoja na tabaka zake zote, ilhali kutoa huzalisha faili la kawaida la picha, JPEG au PNG, la kupelekwa kwa mteja. Wapo waliolalamikia utaratibu huo, lakini kwangu ulikuwa wa busara, maana JPEG hupoteza sehemu ya picha kila inaporekebishwa na kubanwa upya. Unapotoa JPEG, utaona ubora umewekwa 90 kati ya 100, na chini yake kuna visanduku vya Exif, XMP na IPTC, yaani aina tatu za taarifa zinazobebwa ndani ya faili la picha, na cha wasifu wa rangi, unaoeleza rangi zionyeshwe vipi, pamoja na kitufe cha kuhifadhi mipangilio uliyoichagua. Ikumbukwe kwamba mipangilio ya JPEG haigusi ile ya PNG. Kila aina ya faili huhifadhiwa peke yake.

Kisanduku cha Exif ndicho kinachonifanya niandike. Humo simu janja huweka saa ya picha, aina ya simu na, kama huduma ya mahali imewashwa, vipimo vya GPS vya pale mpigaji aliposimama. Desemba 2012 jarida la Vice liliweka mtandaoni picha ya John McAfee, mfanyabiashara wa programu za kuzuia virusi, wakati polisi wa Belize wakimtafuta wamhoji kuhusu kuuawa kwa jirani yake. Vipimo vya GPS vilikuwa vimeachwa ndani ya faili, na wasomaji wakatambua kwamba yuko Guatemala. Ikiwa chombo cha habari chenye wataalamu wa mtandao kilipitiwa na jambo hili, hatuna sababu ya kudhani kwamba picha ya mtoto aliyenusurika ukatili, iliyopigwa nyumbani kwao na kuzibwa uso kwa uangalifu, iko salama kwa sababu tu uso hauonekani. Uso umefichwa, lakini njia ya kufika mlangoni imo ndani ya faili.

Wengine watasema WhatsApp huondoa taarifa hizo. Ni kweli, ikiwa picha imetumwa kama picha. Lakini wapiga picha wetu wamezoea kutuma kazi kama hati ili ubora usishuke, na kwa njia hiyo faili hufika lilivyo, pamoja na vipimo vyake vyote. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo inataka taarifa za mtu zitumike kwa kiasi kinachohitajika kwa lengo husika. Sioni lengo la habari linalohitaji msomaji apewe vipimo vya nyumba ya mtoto.

Hata hivyo, sishauri visanduku vyote viondolewe alama, kosa ambalo ofisi nyingine hulifanya kwa nia njema. Maelezo ya picha, jina la aliyeipiga na haki zake hukaa hasa katika IPTC, utaratibu uliotengenezwa kwa ajili ya vyombo vya habari, na yakifutwa, picha huanza kuzunguka bila mwenyewe na mpiga picha hana la kuonyesha anapodai malipo. Kwa matumizi ya mtandaoni, ofisi inaweza kuzima Exif na pia XMP, ambayo nayo huweza kubeba mahali, ikabakiza IPTC baada ya kuhakikisha kwamba hakuna anwani iliyoandikwa humo, na ikabakiza wasifu wa rangi ili sura za watu zisipauke. Wanaotumia programu ya Lightroom wana chaguo la kuondoa taarifa za mahali peke yake, na Photoshop, katika mipangilio ya kutoa haraka, inaweza kubakiza haki na mawasiliano ya mwenye picha tu.

Kuhusu ubora, 90 inatosha kwa kazi nyingi, na anayejali bando la wasomaji wake apunguze kwanza upana wa picha kabla ya kuibana zaidi.

Kwa kuwa GIMP huhifadhi mipangilio kwa kila akaunti ya kompyuta, steshenari au chumba cha habari chenye akaunti kadhaa kinapaswa kurudia kazi hiyo katika kila moja, kisha kitoe picha ya majaribio na kuikagua. Katika Windows inatosha kubofya faili kwa kitufe cha kulia, kufungua sifa zake na kuangalia kama sehemu ya GPS ipo. Nakuomba wewe, Mhariri, uchapishe katika maelekezo kwa wachangiaji wa picha mipangilio ambayo gazeti lako linaitaka, na utueleze kama picha tunazokuletea husafishwa taarifa za mahali kabla ya kuwekwa kwenye tovuti yenu.

Mpiga picha wa kujitegemea,
Morogoro