Binamu, Mtaa wa Lumumba haujafa

Binamu yangu,

Assalaam aleikum. Juzi kwenye kundi la familia uliandika kwamba Mtaa wa Lumumba, kwetu Kariakoo, Dar es Salaam, ulishakufa, umebaki godauni la watu wa mizigo, na wote wakaitikia "kweli kabisa". Nilinyamaza, maana neno hilo halijibiki kwa mistari miwili. Nakujibu hapa, na wengine wasome.

Unachokililia wewe ni nyumba, na nakuelewa. Vyumba vitatu huku, vitatu kule, ukumbi katikati mpaka uani, jiko na choo huko nyuma, mbele kibaraza cha saruji nyekundu kilichosuguliwa na makalio ya wazee mpaka kinateleza. Bao linachezwa, muuza kahawa anagonganisha vikombe, na mgeni akipita lazima asalimie, na asiposalimia jina lake litajadiliwa hadi Magharibi. Hayo yamekwenda. Lakini nyumba hizo hazikukaa pale kwa bahati. Wajerumani, na baada yao Waingereza, waliugawa mji wa Dar es Salaam kanda tatu kwa kanuni za ujenzi. Mgawanyo ulipitishiwa kwenye aina ya nyumba: za mtindo wa Ulaya mahali pake, za maduka na makazi mahali pake, za miti na udongo mahali pake. Matokeo yake sisi wote twayajua: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Nani alikuwa na fedha za kujenga nini, hilo halikuhitaji kuandikwa.

Lumumba, enzi hizo New Street, ndiyo ilikuwa ukingo wa Uswahilini. Ndiyo maana nauita mtaa wa upande mmoja. Upande wa Kariakoo nyumba zimebanana, upande wa pili uwazi wa Mnazi Mmoja, ulioachwa makusudi ili watu wetu na Uhindini wasigusane. Kisingizio kilikuwa afya.

Sasa sikiliza. Kiwanja kilichoachwa kututenga ndicho tulichokigeuza sebule. Maulidi pale, swala ya Idi pale, na mwaka 1955 mikutano ya hadhara ya TANU, chama cha kudai uhuru, pale. Mkoloni aliacha nafasi tupu mbele ya mlango wa watu waliobanana vyumbani, alitarajia nini? Kama wangejaza maduka mpaka Uhindini, sijui umati ule ungesimama wapi.

Na mkutano hauanzii kiwanjani, unaanzia nyumbani kwa mtu. Chama cha Waafrika, African Association, kilianzishwa mwaka 1929, Kleist Sykes akiwa katibu wake, na makao yake yakawa New Street. Mwaka 1953 Julius Nyerere akachaguliwa rais wa chama hicho, wakati huo kikiitwa Tanganyika African Association (TAA), katika ukumbi wa Anatoglo hapohapo Mnazi Mmoja. Mwaka uliofuata, tarehe 7 Julai, TANU ikazaliwa New Street, na miongoni mwa waasisi walikuwamo Abdulwahid na Ally, wana wa yule Kleist. Sabasaba ya 1954 ilitokea mtaani kwetu, binamu, siyo kwenye viwanja vya maonyesho. Leo pale ni ofisi ndogo za CCM, na watu hupita wakitafuta fremu za maduka bila kugeuza shingo.

Mimi hata hivyo, ukiniuliza mtaa ule ni wa nani, sitaanza na wanaume wa ofisini. Nitaanza na Bibi Titi Mohamed. Alikuwa mwimbaji wa ngoma kabla hajawa mwanasiasa, na TANU ilipomkabidhi wanawake mwaka 1955, alijua pa kuwapata: kwenye vikundi vya ngoma, uani, jikoni, mahali ambapo wanaume wenye kanzu na kofia walikuwa hawaingii. Baadaye alihukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini, mwaka 1972 akasamehewa akatoka. Miaka ikapita, barabara ya upande wa pili wa Mnazi Mmoja ikapewa jina lake. Kwa hiyo kiwanja kimoja, kushoto kina Patrice Lumumba, aliyeuawa Januari 1961, karibu miezi kumi na moja kabla ya uhuru wetu, na kulia kina Bibi Titi, mama wa Kitanganyika. Niambie ni wapi pengine mjini mabango ya barabara yamekaa hivyo.

Godauni, umesema. Haya. Ghorofa zimepanda, kilemba, ile fedha ya kuachiwa fremu ya duka, hakisemeki, na kuli anapita na robota mgongoni, mkanda wa kamba umemkaza kifuani, anapiga kelele "pisha, pisha" na wewe mwenye mtaa ndiye unayeruka pembeni. Linaniudhi vilevile. Lakini Kariakoo imekuwa ya biashara tangu zamani, na waliolala kwenye vile vyumba sita walikuwa wapangaji, wengi wageni wa bara na pwani waliokuja kutafuta, sawa na huyu kijana wa robota. Nyumba ya udongo haikujengwa idumu miaka mia. Kilichokufa ni kibaraza, na hilo nakukubalia: ghorofa haina mahali pa kumketisha mzee asiyenunua kitu.

Kwa sababu hiyo nina ombi, na ndilo lililonifanya niandike. Nyumba zile hazikuacha ramani wala hati za maana. Zilichoacha ni picha na karatasi kwenye masanduku ya watu. Lile sanduku la bati la babu liko kwenu. Kuna picha za Mnazi Mmoja wakati wa Idi, na kadi ya TANU. Zipige picha kwa simu, nyuma na mbele, maana majina yameandikwa nyuma kwa penseli na yanafutika. Ukishamaliza, zenyewe nipe kwa mkono wa mtu anayekuja. Usizitume kwa basi.