Maji Yenu Yametoa Mkuyu

Nairobi,
12 Mei 2025

Kwa Meneja wa Maabara,
Nairobi.

Bwana/Bibi,

KUH: SAHANI YA DNA ILIYOGEUZWA NA MATOKEO YASIYO SAHIHI

Mwezi Machi niliwaletea sahani moja ya plastiki yenye vishimo 96 vya kutilia DNA, ili mniendeshee PCR, yaani kuinakili DNA mara nyingi, na kunipimia maikrosatelaiti 8 za mikuyu, yale maeneo ya DNA yanayotofautisha mti na mti. Nililipa Sh148,000 kabla hamjaigusa, na risiti ninayo. Matokeo mliyoahidi kwa wiki mbili yalikuja baada ya wiki tano. Hilo nimelimeza. Lililonikaa kooni ni kwamba mmenipa matokeo ya maji.

Vishimo vimepangwa kwa safu A hadi H, kila safu namba 1 hadi 12. Viwili vya mwisho, H11 na H12, nilivitia maji matupu. Nyinyi ni watu wa kazi, mnajua sababu: kishimo cha maji kikitoa kitu, kuna jambo limeharibika. Sasa fungueni ripoti yenu. H12 ina aleli, yaani matoleo ya DNA, kwenye maeneo yote 8, vilele vya grafu vimesimama wima kama nguzo za stima. H11 pia. Lakini A1, nilimotia mkuyu mkubwa wa msitu wa Karura ambao DNA yake ilikuwa safi kuliko zote, mmeandika "hakuna matokeo". A2, vivyo hivyo.

Nilipowapigia simu, kijana wenu alinijibu kwa upole, "Dadangu, mikuyu ina utomvu mwingi, hiyo ni shida ya sampuli." Utomvu naujua. Umenitia madoa kwenye nguo mbili na sasa sina tena blauzi nyeupe. Ndiyo maana majani niliyakausha kwa silika siku ileile niliyoyachuma, nikatoa DNA kwa kemikali iitwayo CTAB na kuongeza nyingine, PVP, ili kunasa zile kemikali zinazoifanya iwe kahawia, kisha nikaipima: uwiano wa mwanga inaoufyonza, nanomita 260 kwa 280, ulikuwa karibu 1.8 kwa takriban sampuli zote, yaani DNA safi. Tena utomvu ukibaki huzuia PCR, unakosa matokeo. Haujawahi kugeuza maji yakawa mti.

Humo ndani niliweka pia mitego miwili ambayo sikuwaambia. Miti mitatu niliitia mara mbili, kila mara kwa namba tofauti. Mti mmoja hauwezi kuwa na DNA mbili, lakini katika ripoti yenu hakuna jozi hata moja inayolingana. Mtego wa pili ni miche 11 niliyoiotesha mwenyewe kwa mbegu za makuyu ya mti mmoja. Mkuyu una seti mbili za kromosomu, kwa hiyo katika kila eneo mche lazima uwe na aleli moja ya mama yake. Kwenu, miche 8 haina kitu cha mama katika eneo moja au zaidi.

Barua pepe yenu ya pili ilisema huenda nyigu walileta chavua kutoka mti mwingine. Ni kweli kabisa, hiyo ndiyo kazi yao. Mkuyu huchavushwa na kanyigu kadogo, Ceratosolen arabicus, na huko Namibia uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha chavua ikisafirishwa hadi kilomita 160. Baba basi anaweza kuwa popote, hata nje ya kaunti hii. Ila nyigu huleta baba tu. Mama namjua, nilipanda juu yake na kapu.

Nilikesha na jedwali lenu usiku mmoja, stima ikiwaka na kuzima, hadi nikaona. A1 na H12 zimebadilishana nafasi. A2 na H11 zimebadilishana. Nikaligeuza jedwali zima, la mwanzo likawa la mwisho. Jozi zangu tatu zikalingana. Miche yote 11 ikampata mama. Maji yakarudi kuwa maji. Mtu wenu aliiweka sahani kinyume kwenye mashine, basi. Sahani ina pembe iliyokatwa ili jambo hili lisitokee, na kando ya A1 nilitia nukta ya wino mwekundu. Picha niliipiga kabla sijafunga kifuniko, nimeiambatisha.

Mtasema basi ligeuze mwenyewe, yaishe. Siwezi. Msimamizi wangu wa uzamili hatapokea data iliyosahihishwa kwa kubahatisha na mwanafunzi, na ana haki. Tena kazi hii si ya kupata cheti tu. Nataka kujua kama mikuyu ya kingo za mito ya Nairobi ni miti tofauti kweli, au ni matawi ya miti michache yaliyochomekwa ardhini yakashika. Watu wamekuwa wakiipanda hivyo kwa miaka mingi, na matawi ya mti mmoja yana DNA moja. Tukichukua mbegu za kitalu kwa kutegemea ripoti yenu ilivyo, tutaichagua miti mama isiyo yenyewe. Mwaka 2020 jiji hili lilisimama kuutetea mti mmoja wa jamii hii pale Waiyaki Way usikatwe kwa ajili ya barabara mpya ya Expressway. Mimi naomba tu miti 80 isichanganywe majina.

Mmenitaka nilipe upya ili mrudie. Sitalipa. Naomba mrudie upimaji kwa gharama yenu, mkianza na vishimo 12 vya safu ya A na 12 vya safu ya H, kisha mnipe ripoti iliyosahihishwa yenye sahihi yenu. Naomba pia faili ghafi za mashine, si picha za PDF, na DNA iliyobaki irudi kwenye barafu. Safari iliyopita boda aliniletea mfuko uliojaa maji ya vuguvugu. Na kama wiki ile mlipima sahani za wateja wengine, wapigieni simu, kwa sababu huenda wao hawakuweka maji.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Likikosekana, barua hii itaenda kwa wanaoshughulikia haki za watumiaji pamoja na risiti na ile picha.

Wenu mwaminifu,
Mteja wa sahani yenye nukta nyekundu